TUSIKOROGE PIPA
Namna tope inavyofanya madonge na maji kutakata



Komite ya gazeti imetupa kurasa chache, nasi tumependa kusema juu ya kitu kimoja ambacho kila mwanafunzi wa interna anakigusa asubuhi na jioni bila kukifikiri, ni kusema maji ya pipa. Hii si hotuba ya kapita ya kugombeza watu. Ni masomo ya fizika na shimi tuliyoyapata katika mwaka wa sita. Tunaona ni vibaya yabaki katika kaye mpaka siku ya Exetat, kisha yaliwe na panya, kumbe yanaweza kulinda matumbo yetu.

Swali letu ni hili. Wakati wa mvua tunachota maji mtoni, nayo ni mekundu kama chai iliyotiwa maziwa. Tukiyaacha katika pipa usiku mzima, asubuhi yangali mekundu, ila mchanga kidogo umekaa chini. Lakini tukitia unga wa aluni, kadiri ya vijiko viwili vidogo kwa pipa nzima, baada ya saa moja ao mbili tunaona mpaka chini ya pipa. Hakuna mtu aliyetoa ile tope. Ingali yote humo ndani, tena imeongezwa na dawa. Sasa ilienda wapi? Na juu ya nini maji yanaonekana meupe kabla hata tope yote haijafika chini?

1. TOPE YA MTO NI NINI

Mto wetu unashuka kutoka milima ya Mitumba. Huko juu watu wanalima kwenye mabega ya milima, miti imekatwa, na mvua ikinyesha udongo unashuka pamoja na maji. Wote wanakumbuka mwezi wa Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika katika mji wa Uvira, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Siku ile kila mtu aliona mawe na miti mikubwa ikibebwa. Lakini kila siku ya mvua, hata pasipo mafuriko, mto unabeba kitu kingine kisichoonekana kimoja kimoja, ndiyo punje za udongo wa mfinyanzi.

Tukichota maji katika kopo, tunapata ndani yake watu wa ukubwa mbalimbali. Kwanza mchanga, tunaousikia katika meno. Halafu vumbi laini. Mwisho ule udongo wa mfinyanzi, ambao punje yake haifiki mikromita 2, maana yake milimita moja ikatwe vipande 1000, uchukue viwili tu. Nyingine ni ndogo zaidi, na hizo watu wa shimi wanaziita koloidi.

Zote zinavutwa chini na uzito wake, lakini maji yanazizuia. Mwalimu Stokes, mtu wa Uingereza mwenye asili ya Irlandi, alionyesha katika mwaka 1851 ya kuwa mwendo wa punje ndogo kuzama unafuata upana wake mara upana wake. Punje yenye upana mara 10 zaidi inazama mara 100 upesi zaidi. Tumefanya hesabu katika kalasi kwa punje za mviringo za jiwe la kawaida, katika maji yaliyotulia, kwa kushuka metre moja:

Punje ya milimita 0,1 inachukua dakika karibu 2.
Punje ya milimita 0,01 inachukua saa karibu 3.
Punje ya mikromita 1 inachukua siku karibu 13.
Punje ya mikromita 0,1 inachukua zaidi ya miaka 3.

Muone basi. Ndugu anayesema “tuache tu, mayi itatulia peke yake” anasema kweli juu ya mchanga. Juu ya udongo mfinyanzi, huyo anatuambia tungojee wiki mbili bila kunywa. Na juu ya koloidi, mwanafunzi anaweza kuingia mwaka wa tatu na kupata diplome yake, punje ingali njiani. Tena hesabu hii inataka maji yasiyotikisika hata kidogo. Katika pipa la kweli, joto la mchana na baridi ya usiku vinazungusha maji, na zile ndogo hazifiki chini kamwe.

2. JUU YA NINI PUNJE HAZISHIKAMANI ZENYEWE

Mtu atauliza: punje ziko mamilioni katika kopo moja, zinagongana bila kukoma, mbona hazishikamani na kuwa kubwa? Ni kweli zinagongana. Katika mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, aliangalia kwa mikroskopi vipande vidogo vilivyotoka katika mbelewele za maua, akaona vinacheza ndani ya maji bila kupumzika. Baadaye watu walifahamu ya kuwa ni molekuli za maji zinazovipiga huku na huku.

Lakini kila punje ya udongo mfinyanzi ndani ya mto imevaa umeme wa negativu juu ya ngozi yake. Na sote tumejifunza ya kwamba negativu na negativu zinafukuzana. Zinakaribiana, zinasukumana, zinaachana. Ni kama wanafunzi wawili wenye kiburi kimoja katika benchi moja. Hakuna anayekubali kusogea karibu na mwenzake.

Hapa ndipo aluni inaingia. Aluni ya maji, ile jina lake la shimi ni sulfate ya aluminiumu, ikiyeyuka inatoa aluminiumu yenye umeme wa pozitivu, tena si mmoja bali mitatu. Hiyo inaenda kukaa juu ya ngozi za punje na kutuliza ule ugomvi. Katika mwaka 1882 Mjerumani Schulze, na katika 1900 Mwingereza Hardy, walionyesha ya kuwa nguvu ya chumvi ya kukusanya koloidi inapanda upesi sana kadiri ya hesabu ya umeme wake. Wa mitatu hauzidi wa mmoja mara tatu tu. Hesabu waliyoitoa wenye elimu waliofuata inafika mara 729. Ndiyo maana chumvi ya jikoni, ambayo sodiumu yake ina umeme mmoja tu, ingetaka kutiwa nyingi mpaka maji yasinyweke, kumbe aluni kidogo inatosha.

Tena aluminiumu inafanya kazi ya pili. Ndani ya maji inageuka kuwa kitu cheupe, laini kama utando, kinachoitwa hidroksidi ya aluminiumu. Kinashuka kama wavu wa mvuvi na kukamata punje njiani.

Mungu mwenyewe ameweka jambo la namna hiyo katika uumbaji. Mto wenye tope ukifika baharini, chumvi ya bahari, ambayo ni nyingi sana, inakusanya udongo mfinyanzi, nao unazama pale mto unapokutana na bahari. Mto Nile ulijenga delta yake ya Misri kwa tope ya namna hiyo kwa maelfu ya miaka, mpaka boma kubwa la Aswan lilipomalizika mwaka 1970 na kuzuia tope huko juu.

3. UNGA NA BUGALI

Sasa tufike kwenye ule ukungu wa maji, ambao katika kifaransa wanauita turbidite. Wengi wanafikiri maji ni mabaya ao mazuri kwa macho kadiri ya uzito wa tope uliomo. Hapana. Uzito ni jambo moja, namna ulivyogawanyika ni jambo lingine.

Chukua kopo moja la unga wa muhogo. Urushe hewani katika jikoni: hauoni tena mpishi. Sasa chukua kopo lile lile, ulisonge kuwa bugali, ulitupe hewani. Linapita mbele ya macho yako mara moja, na mpishi unamwona vizuri, naye amekasirika. Unga ni ule ule, uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba umejikusanya.

Tufanye hesabu. Nuru ikiingia katika maji, kila punje inakamata sehemu ya nuru na kuitupa pembeni. Kwa punje ambazo ni kubwa kuliko wimbi la nuru, kipimo chake ni kivuli chake. Punje 8 zikishikamana kuwa moja ya mviringo, upana wake unakuwa mara mbili tu, na kivuli chake mara 4. Zamani zilikuwa na vivuli 8, sasa ni 4. Ukungu umepunguka nusu, hata kabla punje moja haijafika chini! Punje 1000 zikishikamana, upana unakuwa mara 10, kivuli mara 100: ukungu unabaki moja ya kumi. Na kwa sababu ya sheria ya Stokes, donge la upana mara 10 lingezama mara 100 upesi zaidi. Katika kweli ni kidogo kuliko hapo, kwa kuwa donge si jiwe; limejaa maji ndani yake kama sifongo, kwa hiyo ni jepesi. Lakini hata hivyo, kazi ya siku nyingi inakuwa kazi ya dakika.

Mawingu pia yanatufundisha. Ukungu wa asubuhi juu ya Tanganyika unaficha milima ya ng’ambo. Tone la ukungu likiwa na upana wa milimita 0,02 na tone la mvua milimita 2, inatakiwa matone milioni moja ya ukungu kufanya tone moja la mvua. Mvua ikiisha kunyesha, milima inaonekana mpaka mabonde yake.

Lakini kuna jambo moja linalodanganya wanaotazama pipa kwa mara ya kwanza. Punje ambazo ni ndogo sana kuliko wimbi la nuru (nuru tunayoiona ina mawimbi ya mikromita 0,4 mpaka 0,7) hazifuati sheria ya kivuli. Bwana Rayleigh alieleza jambo hilo katika mwaka 1871. Kwa hizo, mbili zikishikamana zinatupa nuru mara mbili kuliko zilipokuwa mbalimbali. Ni kusema, koloidi zikianza kukusanyika, maji yanaweza kuchafuka zaidi kwa macho, mpaka madonge yapite ukubwa wa wimbi la nuru. Halafu ndipo ukungu unaanza kupunguka. Ukiongeza na ule weupe wa hidroksidi, utafahamu juu ya nini, dakika za kwanza baada ya aluni, wadogo wetu wanakuja mbio kusema: “Yaya kapita, ile dawa imeharibu mayi!” Haikuharibu. Imeanza kazi.

Tuseme tena ya kuwa rangi si ukungu. Chai isiyo na maziwa ina rangi, lakini unaona kijiko ndani yake. Mto Ruki, ule unaoingia katika mto Congo karibu na Mbandaka, maji yake ni meusi kama chai kwa sababu ya majani na miti ya pori inayooza, na weusi ule umeyeyuka kabisa, si tope. Mwenye kupima ukungu asichanganye mambo hayo mawili.

4. CHUPA TANO

Tulitaka kuona kwa macho yetu. Kwa ruhusa ya mwalimu wa shimi tulichukua chupa tano nyeupe za litre moja, tukazijaza maji ya mto ya siku ya mvua. Tuliyeyusha grama 10 za aluni katika litre moja ya maji safi. Hivi kila mililita ina miligrama 10. Chupa ya kwanza hatukutia kitu. Ya pili tulitia mililita 1, ya tatu 3, ya nne 5. Ya tano tulitia 50, kwa kuwa mwenzetu mmoja alisema: “Kama kidogo ni muzuri, mingi itakuwa muzuri zaidi.” Tukasema vema, tuone.

Tulitikisa kila chupa kwa nguvu muda wa dakika moja ili dawa ienee. Halafu tukazigeuza polepole sana, dakika 15, kama mama anayebembeleza mtoto. Halafu tukaziweka juu ya meza na kukataza mtu kuzigusa. Nyuma ya kila chupa tuliweka karatasi yenye msalaba mweusi.

Katika ya kwanza msalaba haukuonekana, hata jioni. Katika ya pili tuliona madonge madogo kama vumbi, na msalaba ulitokea kama kivuli. Katika ya tatu madonge yalikuwa kama vichwa vya pini. Katika ya nne yalikuwa makubwa kama mbegu za mtama, na tuliona jambo la ajabu: yangali yanaelea, lakini katikati ya donge na donge maji yalikuwa meupe kabisa, na msalaba ulionekana kati yao kama mtu anayechungulia katikati ya miti. Ndiyo ile hesabu ya vivuli. Baada ya saa moja yote yalikuwa chini, upana wa kidole kimoja cha tope laini.

Na ya tano? Ilibaki na ukungu. Karatasi ya turnesoli iligeuka nyekundu, maana yake maji yamekuwa makali. Aluni ikizidi, inakula ile nguvu ya maji ya kuzuia ukali, na maji ya milima yetu hayana nguvu nyingi ya namna hiyo. Katika maji makali hidroksidi haifanyiki vizuri. Tena punje zikipata pozitivu kupita kiasi, zinavaa umeme wa pozitivu zote, nazo zinaanza kufukuzana upya. Basi dawa ina kipimo. Kwa siku ile, miligrama 50 kwa litre ilitosha, yaani grama 10 kwa pipa la litre 200. Siku nyingine mto unabadilika, na kipimo kinabadilika vilevile. Ndiyo maana wafanyakazi wa usine za maji, kama zile za Regideso katika miji mikubwa, wanajaribu kwanza katika vyombo vidogo.

Kwa wale ambao nyumbani hawapati aluni, mbegu za moringa zina protini yenye umeme wa pozitivu inayofanya kazi hiyo hiyo. Akina mama wa Sudani wamejua tangu zamani kutakasa maji ya Nile kwa mbegu za miti ya namna hiyo. Mbegu kavu zinamenywa, zinatwangwa, unga unachanganywa na maji kidogo, unachujwa kwa kitambaa, halafu unatiwa katika ndoo na kukorogwa polepole. Lakini mabaki ya mbegu yanaweza kuoza, kwa hiyo maji hayo yasikae zaidi ya siku moja.

5. MAJI MEUPE SI MAJI SAFI

Hapa ndugu zangu tunaomba masikio yenu yote, maana ndiyo sababu tumeandika.

Msimu wa mvua uliopita, katika juma moja, wanafunzi wengi wa dortuari za wadogo waliumwa tumbo na kuhara. Mmoja wa mwaka wa kwanza alibebwa usiku kwenye kituo cha afya, akawekewa serumu mpaka asubuhi. Tulikaa naye. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono ikivutwa haikurudi upesi. Mungu asifiwe, alipona. Alipopata nguvu ya kusema tulimwuliza alikunywa maji gani. Alijibu: “Yaya, mayi ya pipa. Ilikuwa mweupe kama ya robineti. Tulichota na kopo mbele batie dawa ya klori.” Wenzake walisema hivyo hivyo. Waliona meupe, wakaamini.

Sasa tufikiri. Vijidudu vya kuhara ni punje pia. Kile cha kolera kina urefu wa mikromita 1 mpaka 3, ni kusema ni karibu sawa na udongo mfinyanzi, nacho kinakamatwa na madonge pamoja na tope. Ni kweli, aluni inashusha vijidudu vingi. Lakini vingi si vyote. Kama katika kopo kungekuwa na milioni moja, na madonge yakashusha 99 kwa kila 100, bado wangebaki 10 000 katika maji meupe kabisa. Vijidudu 10 000 havifanyi ukungu wowote ambao jicho linaweza kuona.

Na mfano mkubwa uko karibu nasi. Katika mwezi wa Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu waliingia Goma kutoka Rwanda. Udongo wa huko ni mawe ya volkano, visima havichimbiki, na wengi walikunywa maji ya ziwa Kivu bila kutiwa dawa. Ziwa Kivu halina tope ya mto wetu. Maji yake yanapendeza macho. Lakini kolera ilikuwamo. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50 000 walikufa, wengi wao kwa ugonjwa wa kuhara. Hakuna tope iliyowaonya.

Basi mtu atasema: “Kama ni hivyo, juu ya nini tunajisumbua na aluni? Tutie klori tu katika maji mekundu.” Hapana tena. Klori ikikutana na tope na uchafu wa majani inamalizika huko kabla ya kufika kwa adui, na kijidudu kilichojificha ndani ya punje kimepata ngao. Ndiyo maana Shirika la Afya la Dunia linataka ukungu wa maji ushuke chini ya 1 katika kipimo kinachoitwa NTU kabla ya klori, na pasipo vyombo vya kutosha usipite 5. Aluni inafungua njia, klori inapiga. Moja bila nyingine ni kazi ya nusu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kujikusanya huko kunasaidia hata pasipo dawa. Katika Bangladesh, wenye elimu waliona ya kuwa vijidudu vya kolera vinapenda kujishikiza juu ya wanyama wadogo sana wanaoelea katika maji. Kijidudu peke yake kinapita katika kitambaa, lakini kikiwa juu ya mnyama huyo kinakamatwa. Wakafundisha akina mama kuchuja maji kwa nguo ya sari iliyokunjwa mara kadhaa, na katika taarifa waliyoitoa mwaka 2003 kolera ilipunguka kwa 48 kwa mia. Ni nusu tu, lakini nusu ya wagonjwa si kitu kidogo. Mwenye kuweza kuchemsha ao kutia klori asitosheke na kitambaa.

6. NDIYO MAANA: TUSIKOROGE

Kuna tabia katika interna yetu. Saa ya usiku mtu anakuja na kopo, hafungui robineti kwa kuwa inatoka polepole. Anafunika mkono, anazamisha kopo mpaka chini, anakoroga. Asubuhi maji ni mekundu, na watu wanalaumu dawa.

Mmeona sasa anafanya nini. Donge ni jepesi na laini. Lilichukua robo saa ya kubembelezwa ili lifanyike; kopo moja linalivunja kwa mara moja. Vipande vinapanda juu, ukungu unarudi. Tena ile tope ya chini ndiyo kaburi ambamo vijidudu vyote vilivyoshushwa vinalala, na wengi wao si wafu. Anayekoroga anawafufua na kuwagawia dortuari nzima. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anasema juu ya kondoo wenye nguvu wanaokunywa maji mazuri, kisha wanachafua yaliyobaki kwa miguu yao, na walio dhaifu wanakunywa uchafu huo. Hatuna haja ya kutafuta mbali kondoo hao ni nani.

Kwa hiyo, pamoja na Prefe, mwalimu wa shimi na muuguzi, tumekubaliana hivi kwa msimu huu wa mvua:

Kwanza, maji ya mto yaachwe kidogo katika ndoo ili mchanga ukae, kisha yachujwe kwa kitambaa yakiingia katika pipa.

Pili, kipimo cha aluni kitafutwe katika chupa na wanafunzi wawili wa mwaka wa sita, kila mara mto unapobadilika. Mtu mwingine asitie dawa kwa kukisia.

Tatu, kukoroga kuna saa yake: upesi dakika moja, polepole dakika 15, halafu fimbo itolewe na kifuniko kifungwe. Baada ya hapo hakuna mkono, hakuna kopo, hakuna kusukuma pipa.

Nne, maji meupe yahamishwe kwa robineti, ambayo imewekwa shibiri moja juu ya chini, mpaka pipa la pili. Huko klori inatiwa kwa kipimo cha muuguzi, na tunangoja dakika 30. Harufu kidogo ya klori ibaki. Hiyo ni alama ya kuwa mlinzi angali macho.

Tano, tope ya chini imwagwe katika shimo lililochimbwa mbali na mto na mbali na bustani ya mboga.

Sita, pipa la kwanza limeandikwa kwa rangi nyekundu BADO. Mtu asinywe humo hata kama maji yanang’aa kama kioo.

Wakubwa wenzetu wa mwaka wa tano, ninyi ndio mtakaobaki na mapipa haya sisi tukiondoka. Msiwapige wadogo juu ya maji, waelezeni. Mwonyesheni mtoto chupa ya nne mara moja, na ule msalaba unaotokea katikati ya madonge, hatakoroga tena maisha yake. Na likizo ikifika, kila mmoja apeleke habari hii nyumbani, hasa ninyi wa kando ya ziwa, ambako kolera inajua njia. Mama akisema “mayi iko mweupe, munywe,” mwambieni kwa heshima: “Mama, tope imezama, lakini tuchemshe kwanza.”

Bwana awabariki, na awalinde katika mitihani na katika afya.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa sita